Macho Kabla ya Zege

Simu ilikuwa bado mkononi mwa Abosede, na ule ujumbe haukuwa umebadilika hata herufi moja.

"Dada, usimwage zege. Kuna mtu amefungua shimo lako jana. Simamisha kazi, na usimwambie yeyote aliye karibu nawe."

Hapo ndipo tulipomwacha Jumamosi iliyopita, na najua wako walionilaani wiki nzima kwa kumwacha mjane wa watu amesimama juani na mashine ya zege ikinguruma nyuma yake. Laana zenu zimenifika. Tuendelee.

Aliyeandika ujumbe ule ni Ladi Waya, fundi umeme wa Jos, mwanamke ambaye Abosede hakuwahi kumtia machoni. Walijuana Agbo-Ile. Kwa Kiyoruba jina hilo ni ua wa ukoo, vyumba vingi na mlango mmoja, lakini Agbo-Ile hii haikuwa na ukuta wala mlango. Lilikuwa jukwaa la mtandaoni la watu wanaojijengea nyumba. Kila mwenye kiwanja alikuwa na uzi wake, akiweka picha tangu siku ya kufyeka majani mpaka siku ya kuezeka paa, na wenzake kutoka Sokoto hadi Calabar wakimsimamia kama ndugu.

Sheria yao kubwa ilikuwa moja: macho kabla ya zege. Hakuna kumwaga hata karai moja kabla hujaweka picha na wenzako wakazitazama. Tofali likikosewa hubomolewa, lakini zege likishashika ndiyo basi tena.

Asubuhi ile, kama jana yake, Abosede alikuwa ameweka picha za shimo la choo. Lilikuwa limechimbwa uani, likajengewa tofali ndani, juu zikapangwa mbao na juu ya mbao zikafungwa nondo. Kilichobaki ni zege la mfuniko tu.

Ujumbe wa pili wa Ladi ukaingia.

"Tazama ubao wa tatu kutoka ukutani. Jana ulikuwa na rangi nyeupe upande wa juu. Leo rangi iko wapi?"

Abosede akatembea hadi shimoni kama mtu anayekwenda kukagua kazi yake, hana hili wala lile. Akachuchumaa. Ubao wa tatu ulikuwa mkavu na wa kahawia, lakini ukingoni, chini, palichungulia mstari wa rangi nyeupe. Ulikuwa umegeuzwa. Na nondo zilizopita juu yake zilifungwa kwa waya mpya unaong'aa, ilhali kwingine kote waya ulikuwa umeanza kushika kutu kwa umande.

Mtu alikata waya, akainua ubao, akaurudisha. Kisha akafunga tena vizuri, ili isijulikane.

"Mama Kolade," sauti ikasema juu ya kichwa chake, "umedondosha hereni?"

Alikuwa Sikiru, fundi mkuu wake, mikono kiunoni. Abosede akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama kuna aliyegusa mbao tangu jana. Sikiru akasema hakuna, nani aziguse. Abosede akamwonyesha ule mstari mweupe. Sikiru akautazama kidogo, akacheka, akasema basi atakuwa ni yeye mwenyewe, ubao ulikuwa umepinda akaugeuza, umri huu mtu anasahau hata jina la mkewe.

Sikiru hakuwa na miaka arobaini.

"Mashine inakula dizeli, Mama," akasema. "Na wingu lile unaliona. Tunamwaga au tunapiga soga?"

"Ngoja kidogo," Abosede akasema.

Sasa nisikilizeni. Mtu mwingine yeyote, wewe au mimi, angetoka pale akaenda kuita polisi, au walau angeita jirani mwenye mabavu. Lakini huyu alikuwa mtu wa Agbo-Ile. Mumewe alipofariki, shemeji zake walimtoa nyumbani kabla hata hajavaa nguo za eda, yeye na mwanawe Kolade. Tangu siku hiyo analala sebuleni kwa mdogo wake. Aliowaona wakimlilia ni watu wa jukwaani. Waliomtafutia kiwanja hiki cha Aba Olosan, nje ya Ibadan, ni wao. Waliomfundisha kutofautisha nondo nzuri na mbovu ni wao. Jambo likimkuta, mtu wa Agbo-Ile hajui njia nyingine.

Akapiga picha ule ubao. Akaiweka uzini, hadharani, mbele ya maelfu ya watu. Akaandika: "Wapendwa, nani anaweza kunieleza huu ubao? Ladi Waya anasema shimo lilifunguliwa jana."

Aliambiwa asimwambie mtu. Akauambia ukoo mzima.

Na si hilo tu. Jana yake mchana, humo humo uzini, alikuwa ameandika kwamba Audu mlinzi amekwenda kwao kumzika baba yake, na kwamba nondo zake zitalala bila mtu wa kuzilinda. Aliandika kama mtu anavyomwambia mama yake jikoni. Hakufikiri kwamba katika ua mkubwa hawaishi ndugu peke yao.

Majibu yakaanza kumiminika. Mmoja wa Enugu akasema asimwage, afungue kwanza atazame. Mwingine akasema labda ni wezi wa nondo waliokosa bahati. Iya Nondo wa Abeokuta, mama wa matani, akauliza huo ubao una ugonjwa gani mpaka ugeuke usingizini. Abosede akatabasamu licha ya yote. Alianza kujisikia hayuko peke yake.

Kisha likatokea jina lililowafanya wote wanyamaze: Agba Birikila.

Agba ni mzee, birikila ni mwashi. Ndiye aliyeianzisha Agbo-Ile na ndiye msimamizi wake. Hakuna aliyewahi kumwona, hakuna aliyejua anakaa wapi, lakini nyumba zilizosimama kwa ushauri wake zingejaza mji. Mtu huyu hakuwahi kuingia kwenye uzi wa mtu aliye kazini bila kuandika kwanza "E ku ise", salamu ambayo Myoruba humpa mwenye jembe au mwiko mkononi. Hata akija kukugombeza, atakusalimu kwanza.

Na wiki hii ukoo mzima ulikuwa unamngojea. Alikuwa ametangaza kwamba kesho jioni atamtaja kwa jina mkandarasi aliyejenga lile ghorofa la wapangaji lililoanguka mwezi uliopita na kufukia familia nzima. Alisema ana picha za nondo zilizotumika. Alisema hatishiki.

Leo Agba aliandika hivi:

"Mwaga. Ubao umegeuzwa na fundi, ni jambo la kawaida. Huyo anayewatia watu hofu nimemtoa."

Abosede akalitafuta jina la Ladi Waya. Lilikuwa limegeuka kijivu, na chini yake neno moja: Amefungiwa. Ule mlango wao wa ujumbe wa faragha nao ukawa umefungwa, na namba ya simu ya Ladi hakuwahi kuwa nayo.

Aliona kwamba Mzee hakumsalimu, lakini akajilaumu mwenyewe. Akajiambia amemuudhi, ameleta taharuki uzini kwa sababu ya ubao. Mtu ukimpenda sana, kosa lake unalibeba wewe.

Ujumbe mwingine wa Agba ukafuata: "Nipo karibu na hapo. Nakuja mwenyewe kutazama."

Ungesikia vifijo, msomaji, ungedhani ni harusi. Agba anakwenda kwa mtu? Agba ataonekana? Watu wakaacha kazi zao. Wakamwomba Abosede apige picha, tena mbili. Iya Nondo akataka kujua kama ana kitambi na kama kuna mke, maana yeye ni mjane wa kushiba na ana nyumba iliyokamilika hadi vigae. Na kila mmoja akamwambia Abosede jambo lile lile: mwanamke una bahati wewe.

Naye akaamini. Akatoa kioo, akajifuta vumbi usoni, akafunga kilemba upya.

Gari likaingia getini muda si mrefu, jeusi, safi kupita kiasi kwa barabara ile ya udongo. Sikiru ndiye aliyekimbia kufungua. Akashuka mzee mrefu, amevaa agbada nyeupe, lile joho pana la wakubwa, na kofia ya fila iliyolazwa upande, na nyuma yake dereva akashusha maji ya mifuko kwa ajili ya vibarua. Vibarua wakashangilia. Mzee akatembea uani akiangalia kuta, akitikisa kichwa kwa kuridhika, hadi akafika mbele ya Abosede.

Abosede akapiga magoti mchangani, kama mwanamke wa Kiyoruba anavyomwamkia mkubwa wake.

"Inuka, mwanangu," mzee akasema. "Mimi ndiye Agba Birikila."

Sauti yake ilikuwa nzito, nzuri, kama ya mhubiri.

Abosede hakuinuka.

Hakuinuka kwa sababu ya ile sauti. Mumewe alikufa kwa ugonjwa wa koo, na katika miezi ile mibaya, Agba Birikila alimwandikia faraghani jambo ambalo hakumwambia mtu mwingine Agbo-Ile yote. Kwamba yeye pia ugonjwa ule ulimpitia. Kwamba madaktari walimwokoa, lakini walikata sanduku la sauti wakalitoa. Kwamba anapumua kwa tundu lililo shingoni, analifunika kwa kitambaa cheupe, na tangu siku hiyo hajatamka neno hata moja duniani. "Ndiyo maana naandika sana, mwanangu," alisema. "Agbo-Ile ndiyo koo langu."

Pale chini alipopiga magoti, Abosede aliinua macho akaitazama shingo ya mgeni. Ilikuwa laini, imenawiri, haina hata kovu.

"Baba," akasema, "karibu. Tumekungoja miaka."

Akajikaza, akasimama, akampa kiti. Mzee akakataa kukaa. Alikwenda moja kwa moja shimoni, akasimama juu ya ule ubao wa tatu, akaubonyeza kwa kisigino mara moja tu. Akasema kazi ni safi. Akatoa simu mfukoni, akamvuta Abosede pembeni yake, akapiga picha ya wote wawili wakiwa wamesimama mbele ya nondo.

Simu ya Abosede ikalia. Picha ilikuwa tayari uzini, imewekwa na Agba Birikila, na maneno: "Macho yameona. Mwageni."

Basi ukoo ukapagawa. Wengine walilia, wakaandika kwamba wanalia. Iya Nondo akasema kitambi hakuna, ameridhika. Na chini ya hapo, mstari baada ya mstari, kutoka Sokoto, Enugu, Calabar, Lokoja, neno moja likashuka kama mvua: Mwaga. Mwaga, Mama Kolade. Mwaga tukuone unahamia.

Watu wale wale waliomlinda tangu msingi, leo walikuwa wanamsukuma kwa upendo wao wote.

Abosede akapekua simu, akarudi kwenye ujumbe wa jana. Baada ya kuandika habari za Audu mlinzi, Agba alikuwa amemjibu faraghani. Aliusoma jana haraka haraka, akaona ni upole wa kizee tu, akalala. Sasa akausoma tena.

"E ku ise, mwanangu. Usilale na wasiwasi kwa ajili ya nondo. Si mbali nami. Nitapita kukulindia."

Kumbe alipita kweli.

Mzee wa watu, hana sauti ya kupiga yowe, alikuja peke yake kulala katika kiwanja cha mjane ili nondo zake zisiibwe. Na kuna mtu aliyekuwa anamfuata, au anamngoja. Katika Nigeria nzima alikuwepo mtu mmoja tu, yule mkandarasi wa ghorofa, aliyetaka Agba anyamaze kabla ya kesho jioni, na mtu huyo alikuwa amesimama pale juu ya shimo kwa agbada nyeupe, ana simu ya Agba mkononi, akiuliza kwa upole kokoto zimetoka machimbo gani.

Abosede alitaka kupiga kelele. Lakini ampigie nani? Geti liko mbali, Sikiru yuko katikati, dereva wa lile gari jeusi ameegemea ukuta akilitazama geti. Vibarua walikuwa wameshika matoroli, wanangoja. Wangemwamini nani, mwanamke anayesema mzee huyu si Agba kwa sababu anaongea?

"Fundi," mgeni akamwambia Sikiru, "anzeni."

"Tunaanza, Baba."

Hapo Abosede akakumbuka namba. Agba alimpa zamani, siku ya maziko ya mumewe. Ilikuwa ya kisimu kidogo cha tochi, si ya ile simu kubwa aliyoandikia jukwaani. Alimwambia: "Siku ukizidiwa, piga. Sitaweza kujibu, lakini nitajua." Hakuwahi kuipiga. Ungempigiaje simu mtu asiye na sauti? Na kama Mzee alikuwa na simu mbili, waliomvamia waliona ipi?

Lakini mashine ya zege ilikuwa inanguruma kiasi kwamba humsikii hata anayekupigia kelele sikioni.

"Baba," Abosede akasema kwa nguvu, ili vibarua wasikie, "tangu tuchimbe msingi hatujawahi kumwaga zege bila dua. Na leo tuna mkubwa kati yetu. Tuombee, Baba."

Vibarua wakaitikia mara moja, Waislamu na Wakristo. Dua ni dua. Kibarua wa mashine akazima injini bila kungoja ruhusa. Kofia zikavuliwa. Sikiru akamtazama mgeni, mgeni akamtazama Abosede, na kwa muda mfupi macho yao yakakutana. Ni mzee gani wa Kiyoruba atakayekataa kuombea nyumba ya mjane mbele ya watu?

Akatabasamu. Akainua mikono, mikono mipana ya agbada ikafunguka, akaanza.

Alijua kuomba, lazima tumpe haki yake. Aliombea msingi, akaombea kuta, akamwombea mwenye nyumba maisha marefu. Vibarua walifumba macho, wakiitikia amina kwa pamoja. Abosede aliinamisha kichwa, mkono wake ukiwa ndani ya kitenge alichojifunga, na ndani ya kitenge kidole gumba kikaitafuta ile namba.

Akapiga.

Kwanza hakukuwa na kitu. Akahisi machozi ya aibu na ya faraja yakimjia pamoja. Labda amekosea. Labda Mzee yuko kwake, amelala tu.

Kisha ikalia.

Ililia mlio wa visimu vile vidogo, mkali, wa kitoto. Ulitoka chini ya miguu yao. Ulitoka ndani ya shimo, ukapenya kati ya mbao, ukapanda kupitia nondo.

Vibarua wakafumbua macho mmoja mmoja. Walitazama mbao, wakatazamana. Mmoja aliyekuwa amesimama karibu sana akarudi nyuma akajikwaa kwenye toroli lake.

Yule mgeni hakunyamaza. Alipaza sauti. Akaombea kizazi cha mwenye nyumba, akaombea Ibadan, akaombea nchi, kwa sauti kubwa zaidi na zaidi, ili dua iufunike ule mlio. Mlio ukaendelea kulia chini ya dua.

Ghafla ukakatika.

Abosede akatoa simu kitengeni, akiamini chaji ya kile kisimu imekwisha na ushahidi wake umekwisha nayo. Akatazama kioo. Simu haikuwa imekatika. Ilikuwa imepokelewa.

Akaiweka sikioni. Kulikuwa na upepo mwembamba unaoingia na kutoka, unaopiga mluzi kidogo kila ukitoka, kama birika linalokaribia kuchemka. Alikuwa mtu anayepumua kwa shingo.

"Baba," akanong'ona. Kisha akaacha kunong'ona, akasema kwa sauti ambayo kila mtu uani aliisikia. "Baba, kama ni wewe, gonga."

Chini ya mbao, kitu kigumu kikagonga tofali.

Hapo uani pakachafuka. Vibarua wawili wakaruka ukuta wa jirani, wakaacha hata viatu. Mwingine akaanza kusoma aya. Waliobaki walisimama kama wamepigwa misumari. Na yule mgeni, kwa mara ya kwanza, uso wake ukabadilika, maana alidhani ameacha maiti mle shimoni.

Akashusha mikono taratibu.

"Amina," akasema.

Hakuna aliyeitikia.

"Sikiru," akaita, na sasa ile sauti haikuwa ya mhubiri tena. "Funga geti."

Msomaji, kikulacho ki nguoni mwako. Sikiru hakuuliza kwa nini. Hakumtazama Abosede, mwanamke aliyempikia uji yeye na vijana wake kila Jumamosi tangu msingi. Alikwenda akalisukuma geti, akalitia komeo na kufuli, akarudi akifuta mikono kwenye suruali. Dereva wa gari jeusi akajitoa ukutani.

Abosede akakimbilia alikozoea kukimbilia. Akafungua uzi wake aandike, aweke picha, aite macho yote ya ua mkubwa yaje yaone. Vidole vikagonga herufi, herufi zikakataa kuingia. Akatazama juu ya kioo.

Palikuwa na kufuli dogo jekundu, na maneno yaliyoandikwa muda huo huo, kwa jina lile walilolipenda wote: "Kazi imekamilika salama. Mama Kolade anawashukuru. Nimeufunga uzi huu. Agba Birikila."

Akainua macho. Mgeni alikuwa anarudisha simu mfukoni.

Huko nje, kutoka Sokoto hadi Calabar, watu walikuwa wanapongezana na kurudi kwenye shughuli zao, mioyo yao ikiwa myeupe. Hakuna aliyejua kitu isipokuwa Ladi Waya wa Jos, naye alikuwa amefungiwa nje, anagonga mlango usiofunguka.

"Washa mashine," mgeni akamwambia kibarua.

Kijana wa mashine hakuigusa injini. Akamtazama Sikiru. Sikiru akamwambia, bila ukali wowote, kwamba anamjua mama yake na anajua anapouza akara, zile bajia za kunde. Kijana akainama kwenye injini.

Chini ya mbao, ule ugongaji ukaendelea. Sasa ulikuwa wa haraka.

Abosede aliiangalia nyumba yake. Kuta za vyumba vitatu, madirisha yasiyo na fremu, mahali alipopanga kuweka kitanda cha Kolade. Kila tofali alilijua. Akajua pia kwamba akinyamaza leo ataachiwa nyumba, na pengine hata maisha yake. Mgeni hakuwa amesema hivyo, lakini alikuwa anamtazama kama mtu anayesubiri kusikia bei.

"Wewe ni mama, una mtoto," mgeni akasema. "Huyu ni mzee, tena mgonjwa. Ameshaishi. Kaa pembeni, mwanangu, vumbi lisikuchafue."

Abosede akavua viatu. Akaviweka pamoja pembeni ya shimo, kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu. Kisha akapanda juu ya nondo, zikamchoma nyayo, akatembea hadi katikati, juu kabisa ya ubao wa tatu, akakaa kitako. Akakunja kitenge chake magotini.

Simu ilikuwa bado sikioni. Ule upumuaji ulikuwa bado upo.

"Nipo hapa, Baba," akasema. "Nimekaa juu yako. Siondoki."

Akawageukia vibarua waliobaki, akawataja kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetajwa akainamisha kichwa.

"Haya," akawaambia. "Nimetazama, nimeona. Anayeweza kumwaga, amwage."

Nyuma yake, kijana akavuta kamba ya injini. Ilikohoa mara ya kwanza ikazima. Ya pili ikazima. Ya tatu mashine ikawaka.